Kuitazama ribosomu ukiwa Kampala

Mchoro uliomo katika madaftari mengi ya biolojia, kuanzia S.5 hadi mwaka wa kwanza wa chuo, ni maumbo mawili ya mviringo yaliyobebana, dogo na kubwa, na uzi wa RNA umepita katikati. Kwa maksi mbili za mtihani unatosha. Hautoshi kukueleza kwa nini azithromaisini inayouzwa katika maduka ya dawa ya Wandegeya humshambulia bakteria na kukuacha wewe salama, wala kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayemeza linezolidi hupimwa damu mara kwa mara. Majibu yamo katika umbo lenyewe la ribosomu, na siku hizi umbo hilo linatazamika atomi kwa atomi, bila malipo, kwenye kompyuta ya kawaida. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au mtaalamu wa maabara anayetaka kuvuka ule mchoro.

Anza na RNA

Tunakariri kwamba ribosomu hutengeneza protini, kisha tunadhani kwamba protini zake ndizo zinazofanya kazi hiyo. Sivyo. Ribosomu ya sitoplazimu ya binadamu ina protini 80 na RNA nne tu, lakini hizo nne ndizo zenye zaidi ya nusu ya uzito wote, na ndizo zinazofanya kazi yenyewe. Protini nyingi zimekaa pembezoni zikiishikilia RNA isifumuke, na baadhi zina mikia mirefu iliyopenya katikati ya mikunjo. Pale hasa ambapo asidi amino moja huungwa na nyingine, pamejengwa kwa RNA. Hilo lilidhihirika mwaka 2000, kikundi cha Thomas Steitz na Peter Moore wa Chuo Kikuu cha Yale kilipochapisha umbo la kitengo kikubwa cha ribosomu ya Haloarcula marismortui, kijiumbe kinachoishi katika Bahari ya Chumvi. Mwaka 2009 Steitz, Ada Yonath na Venkatraman Ramakrishnan walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya ribosomu.

Kwa hiyo ukichukua kalamu, chora RNA kwanza. Kitengo kidogo cha binadamu, 40S, kina RNA moja iitwayo 18S, yenye nukliotidi karibu 1,870, pamoja na protini 33. Kitengo kikubwa, 60S, kina RNA tatu: 28S yenye nukliotidi zaidi ya 5,000, 5.8S yenye kama 157, na 5S yenye kama 120. Protini zake ni 47. Vitengo hivyo viwili vikishikana hupatikana 80S, yenye upana wa nanomita 25 hadi 30 na uzito wa daltoni milioni 4.3 hivi.

Usisumbuke kwamba 40 na 60 hazileti 80. Herufi S inatokana na jina la Theodor Svedberg, mwanakemia wa Sweden, na hupima kasi ya kitu kuzama kinapozungushwa katika sentrifuji. Kasi hiyo hutegemea uzito na umbo kwa pamoja, kwa hiyo namba zake hazijumlishwi kama kilo.

Mtego wenyewe uko kwingine. Seli changamano haina ribosomu ya aina moja. Mitokondria zako zina ribosomu zao, 55S, zenye kitengo kidogo cha 28S na kikubwa cha 39S, na RNA zao ni 12S na 16S. Maana yake, "28S" inaweza kuwa RNA ndefu ya kitengo kikubwa cha sitoplazimu, au kitengo kidogo kizima cha mitokondria. "16S" nayo inaweza kuwa RNA ya kitengo kidogo cha bakteria, au RNA ya kitengo kikubwa cha mitokondria ya mtu. Kila uandikapo namba ya S, andika kando yake kama ni RNA au ni kitengo, na ni ya nani. Nimeona majibu mazuri ya mtihani yakiharibika kwa kukosa maneno mawili hayo.

Yaliyo katikati na yaliyoongezwa nje

Kati ya vitengo viwili mna nafasi tatu, A, P na E. RNA mchukuzi huingia kwenye A ikiwa na asidi amino, huhamia P ikiwa imebeba mnyororo, kisha hutokea E ikiwa mikono mitupu. Kitengo kidogo ndicho kinachokagua kama kodoni ya RNA mjumbe imelingana na RNA mchukuzi iliyofika, na kikubwa ndicho kinachounga. Mnyororo unaokua haumwagiki nje papo hapo. Hupita katika handaki lililochimbwa ndani ya kitengo kikubwa, refu kama nanomita 8 hadi 10, linaloweza kuficha asidi amino 30 hadi 40 kabla ncha ya mnyororo haijachungulia nje. Kwa protini za kutolewa nje ya seli, kama insulini na antibodi, mdomo wa handaki hilo hukaa juu ya utando wa retikulamu ya endoplazimu na protini huingia moja kwa moja.

Sehemu hii ya katikati inafanana mno baina ya bakteria na binadamu. Tofauti kubwa imejengwa kuizunguka. RNA kubwa ya Escherichia coli ina nukliotidi 2,904. Ile ya hamira, kijiumbe chenye seli changamano, ina karibu 3,400. Ya binadamu imepita 5,000. Ongezeko lote hilo limepachikwa katika sehemu chache za RNA ileile ya kale, na kila kundi la viumbe lina nyongeza zake. Baadhi ya nyongeza za binadamu zimechomoza mbali na mwili wa ribosomu na huyumbayumba muda wote. Ndiyo sababu moja iliyofanya ribosomu za seli changamano zichelewe kuonekana: umbo kamili la 80S ya hamira lilitoka katika maabara ya Marat Yusupov, Strasbourg, mwaka 2010, kisha kwa ubora zaidi mwaka 2011, na la binadamu katika kiwango cha atomi lilichapishwa mwaka 2015 kutoka Strasbourg vilevile. La hamira lilipatikana kwa kutengeneza fuwele. La binadamu lilipatikana kwa kuzigandisha ribosomu ghafla na kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni.

Mahali zinapoundwa pia panafaa kujulikana, ingawa kwa kifupi tu. Ni nukleoli, lile doa zito ndani ya kiini cha seli. RNA za 18S, 5.8S na 28S hukatwa kutoka RNA moja ndefu. 5S hutengenezwa kando na kuletwa. Protini husanisiwa huko nje, katika sitoplazimu, kisha hurudi ndani ya kiini kuungana nazo. Vitengo hutoka kiini kila kimoja peke yake na hukutana tu pale RNA mjumbe inapoanza kusomwa.

Kuifungua kwenye skrini

Sasa kaa kwenye kompyuta. Simu hufungua pia, lakini ribosomu ya binadamu ina atomi zaidi ya laki mbili na simu nyingi hukwama. Nenda kwenye tovuti ya Benki ya Data ya Protini, RCSB, isiyodai malipo wala usajili, uandike 4UG0 katika sehemu ya kutafutia. Hiyo ndiyo ribosomu ya binadamu ya mwaka 2015. Ukichagua kuitazama kwa 3D, programu ya Mol* hufunguka ndani ya kivinjari chenyewe. Kama mtandao wako si wa kuaminika au umeme hukatika, pakua faili la mmCIF mara moja na ulifungue kwa ChimeraX, ambayo mwanafunzi huitumia bure. Usihangaike na faili la mtindo wa zamani wa PDB, kwa sababu mtindo huo haukuundwa kubeba atomi nyingi kiasi hiki. Pia acha ramani za hadubini ambazo tovuti hukupa kiungo chake: ni kubwa, zitamaliza bando, na kwa kazi hii huzihitaji.

Kitakachotokea kwanza ni fundo la rangi lisilo na maana. Ficha protini zote. Bakiza minyororo minne: L5, ambayo ni 28S; L8, ambayo ni 5.8S; L7, ambayo ni 5S; na S2, ambayo ni 18S. Ipake S2 rangi moja na zile tatu za kitengo kikubwa rangi nyingine. Utashangaa kwamba umbo la ribosomu bado lipo kamili, ingawa protini hazipo. Kisha bakiza S2 peke yake na uizungushe polepole: ina kichwa, shingo na mwili, na shingoni ndipo RNA mjumbe inapopita. Rudisha kitengo kikubwa, ukigeuze hadi uone tundu dogo upande wa nyuma, nalo ndilo mdomo wa handaki. Mwisho rudisha protini moja moja utazame kila moja imekaa wapi. Zoezi hili lifanye mwenyewe kwa mkono wako, maana video za mtandaoni hukuzungushia mfano kwa kasi ya mtu mwingine na jicho halipati nafasi ya kuuliza.

Ukihesabu nukliotidi za L5 kwenye skrini utapata pungufu kuliko idadi niliyoitaja. Hujakosea. Zile nyongeza ndefu zinazoyumba hazikuweza kuonekana, kwa hiyo hazikuingizwa. Faili linaonyesha kilichotulia.

Kuhusu majina ya protini, jihadhari na vitabu vya kabla ya 2014. Zamani kila kiumbe kilihesabiwa kivyake, hata protini iliyoitwa L2 kwa bakteria ikaitwa L8 kwa binadamu. Mwaka huo watafiti walikubaliana jina moja kwa protini moja: u mbele yake ikiwa imo kwa viumbe vyote, e ikiwa ni ya seli changamano na jamaa zake, b ikiwa ni ya bakteria. Protini niliyoitaja sasa ni uL2. Andika daftari lako kwa majina mapya, na la zamani uliweke pembeni.

Linganisha na ya malale

Ukimaliza 4UG0, andika 4V8M. Hii ni ribosomu ya Trypanosoma brucei, kimelea cha malale, iliyochapishwa mwaka 2013. Mganda hana budi kuitazama. Ni katika Hospitali ya Mengo, juu ya kilima cha Namirembe, ambako madaktari Albert Cook na nduguye Jack waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa janga la malale mwaka 1901. Mwaka 1902 tume ya Royal Society ilifika Entebbe, Aldo Castellani akaviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo, na mwaka 1903 David Bruce akathibitisha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Kufikia wakati huo Busoga na visiwa vya ziwa vilikuwa vikimalizika. Zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka hiyo. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale. Ile ya gambiense, ya kaskazini-magharibi, WHO ilithibitisha mwaka 2022 kwamba si tena tatizo la afya ya jamii nchini. Ile ya rhodesiense, inayojificha ndani ya ng'ombe na wanyama wa porini, bado inadai ulinzi.

Tazama sasa RNA kubwa ya kimelea hicho. Kwako wewe 28S ni uzi mmoja. Kwa tripanosoma imekatwa vipande sita, viwili virefu na vinne vifupi, na vyote vimeshikana mahali pake na ribosomu inafanya kazi bila shida. Geukia kitengo kidogo: karibu na pale RNA mjumbe inapotokea, kuna nyongeza mbili kubwa mno ambazo binadamu hana kwa ukubwa huo. Dawa zinazotumika leo kwa malale hazilengi ribosomu. Lakini kimelea ambacho kwa mambo mengi ni seli changamano kama zetu, na kwa hiyo ni vigumu kukiua bila kutuumiza, kimejitenga nasi katika mashine iliyo muhimu kuliko zote. Mwanafunzi wa Makerere anayetafuta mada ya utafiti ana pa kuanzia hapo.

Wala si ndoto. Jamaa wa karibu wa tripanosoma ni leishmania, anayesababisha kala-azar. Huko Amudat, Karamoja, paromomaisini imetumika dhidi yake, na dawa hiyo hukaa katika kitengo kidogo cha ribosomu, pale pale kodoni inapokaguliwa.

Herufi moja ya RNA

Tofauti zinazotuokoa mara nyingi ni ndogo kuliko vipande sita. Azithromaisini huziba handaki la ribosomu ya bakteria. Hushikilia adenini iliyo katika nafasi ya 2058 ya RNA kubwa; katika nafasi hiyo sisi tuna guanini, na dawa haishiki vizuri. Jentamaisini hutegemea adenini ya nafasi ya 1408 katika RNA ya kitengo kidogo. Hapo pia ribosomu zetu za sitoplazimu zina guanini. Herufi moja kwa kila dawa, na mgonjwa anapona.

Ila zikumbuke mitokondria. Zina asili ya bakteria, na katika nafasi inayolingana na 1408 ribosomu zake zina adenini. Watu wenye badiliko fulani la kurithi katika RNA yao ya 12S, lijulikanalo kama m.1555A>G, wanaweza kupoteza usikivu kwa sindano za jentamaisini. Linezolidi, iliyomo katika tiba ya miezi sita ya kifua kikuu sugu ambayo WHO iliipendekeza mwaka 2022, huingia pale asidi amino zinapoungwa na kusimamisha kazi. Ikitumika kwa wiki nyingi husimamisha ribosomu za mitokondria pia, na ndipo uboho hulegea na mishipa ya fahamu ya miguu huanza kuwaka moto. Ukifanya kazi wodini, huna haja ya kuyakariri madhara hayo bila sababu yake. Kimelea cha malaria nacho kina kiungo kiitwacho apikoplasti chenye ribosomu za aina ya bakteria, na humo ndimo doksisaiklini hupiga.

Upande wa pili wa mambo, mbarika unaoota kando ya barabara na kwenye viwanja vitupu vya Kampala una risini ndani ya mbegu zake. Risini hung'oa adenini moja tu kutoka RNA ya 28S, ya 4324 kwa hesabu ya RNA ya panya, na ribosomu nzima hufa. Molekuli moja ya risini huweza kuua ribosomu zaidi ya elfu moja kwa dakika. Waambie watoto wasitafune mbegu hizo.

Kwa hadubini ya kawaida

Nanomita 30 haziwezi kuonekana kwa hadubini ya mwanga, ambayo mipaka yake ni karibu nanomita 200. Lakini ribosomu zikiwa nyingi, rangi yake huonekana, na maabara nyingi za Kampala tayari huziona kila siku bila kuzitaja. Ule ubuluu wa mwili wa kimelea cha malaria kwenye slaidi ya Giemsa unatokana kwa kiasi kikubwa na RNA, na nyingi ya hiyo ni ya ribosomu. Tazama pia limfosaiti kwenye slaidi hiyohiyo: ukanda wake wa buluu una sababu hiyohiyo.

Njia iliyo wazi zaidi ni ya retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa. Seli nyekundu iliyokomaa haina ribosomu na haiwezi kutengeneza himoglobini tena. Changa bado inazo. Fanya kazi hii ndani ya maabara, chini ya msimamizi, ukiwa na glavu. Chukua damu iliyowekwa katika mrija wenye EDTA, uichanganye kwa kiasi sawa na rangi iitwayo methileni bluu mpya (new methylene blue), uiache kama dakika 15 katika joto la nyuzi 37. Tikisa taratibu, paka tabaka jembamba kwenye slaidi, liache likauke kwa hewa. Usilichovye katika methanoli wala usiongeze rangi nyingine, kwa maana seli lazima ziipokee rangi zikiwa hai. Weka tone la mafuta na utumie lenzi ya 100. Seli zilizokomaa zitakuwa na rangi hafifu ya kijani-buluu. Retikulosaiti zitakuwa na nyuzi na vitone vya buluu iliyokolea ndani yake, navyo ni mabaki ya ribosomu yaliyogandishwa na rangi.

Hesabu seli nyekundu 1,000 na uandike ngapi zina nyuzi hizo. Kwa mtu mzima mwenye afya utapata kati ya 5 na 25. Kwa mgonjwa wa selimundu, ambaye uboho wake hufanya kazi usiku na mchana kufidia seli zinazovunjika, idadi hupanda mara kadhaa. Rudia hesabu kwenye eneo lingine la slaidi, na namba mbili zikipishana sana, tengeneza slaidi nyingine kabla ya kuandika majibu.